Mafia na Karatasi Tatu za Kura

Asubuhi ya siku ya uchaguzi mkuu, mpiga kura wa Kilindoni hupewa karatasi tatu: moja ya Rais wa Jamhuri ya Muungano, moja ya Mbunge, na moja ya Diwani. Mpiga kura wa Wete au Chake Chake, kisiwani Pemba, hupewa tano, kwa kuwa huongezewa ile ya Rais wa Zanzibar na ile ya Mwakilishi. Na huko Lamu, tangu uchaguzi wa Kenya wa mwaka 2013, mpiga kura hupewa sita: ya Rais, ya Gavana, ya Seneta, ya Mwakilishi wa Wanawake, ya Mbunge, na ya Mjumbe wa Bunge la Kaunti.

Watu hawa watatu wana mengi yanayowaunganisha. Lugha yao ni moja, ingawa lahaja zatofautiana. Walio wengi kati yao ni wa dini moja. Wote huijua kusi na kaskazi, na wote hula nazi na samaki. Babu zao walikuwa chini ya bendera moja. Basi ni jambo gani lililomfanya mmoja apewe tatu, wa pili tano, na wa tatu sita? Jibu halipatikani katika sheria za uchaguzi peke yake. Yatubidi turudi nyuma zaidi ya miaka mia na thelathini, kwenye meza za watu ambao hawakupata kukanyaga Chole wala Juani.

Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipatana juu ya mipaka ya nchi za Sultani wa Zanzibar, zama za Sayyid Barghash. Walikubali kwamba visiwa vya Unguja, Pemba, Lamu na Mafia ni milki yake, pamoja na ukanda wa pwani wenye upana wa maili kumi. Haya yalidumu miaka minne tu. Tarehe 1 Julai 1890 mataifa hayo mawili yalitia sahihi mkataba mwingine, ule ambao Ujerumani ilipata kwao kisiwa cha Helgoland katika Bahari ya Kaskazini, na Uingereza ikapata kuikinga Zanzibar. Katika mkataba huo Uingereza iliahidi kutumia nguvu zake zote kumshawishi Sultani awaachie Wajerumani pwani pamoja na kisiwa cha Mafia. Sultani, ambaye wakati huo alikuwa Sayyid Ali bin Said, aliridhia, akalipwa marki milioni nne. Tangu siku hizo Mafia ilitengwa na Unguja na Pemba. Lamu nayo ilifuata njia ya tatu, ikaishia kuwa sehemu ya Kenya.

Ingaliwezekana kuyageuza mambo hayo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mwezi wa Januari 1915 majeshi ya Waingereza yaliiteka Mafia, na kutoka kisiwani humo ndege zao ziliruka kuitafuta manowari ya Königsberg iliyojificha katika matawi ya mto Rufiji, hata ikaangamizwa tarehe 11 Julai mwaka huo huo. Kwa hiyo Mafia ilikuwa mikononi mwa Waingereza kabla ya sehemu kubwa ya bara, na Waingereza hao hao ndio waliokuwa wakiikinga Zanzibar. Hata hivyo, Tanganyika ilipowekwa chini ya udhamini wa Ushirika wa Mataifa mwaka 1922, Mafia ilihesabiwa pamoja na Tanganyika. Mpaka uliochorwa na Mjerumani ulithibitishwa na Mwingereza.

Matunda ya mpaka huo yalionekana wazi siku za kupiga kura zilipofika. Katika uchaguzi wa kwanza wa Tanganyika, wa mwaka 1958 na 1959, Mafia ilikuwa katika Jimbo la Mashariki. Uchaguzi huo ulikuwa na masharti magumu: mpiga kura alitakiwa awe na kipato, elimu au cheo maalumu, na kila mmoja alilazimika kuwachagua watu watatu, Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Chama cha TANU kilikuwa kimeamua katika mkutano wake wa Tabora, Januari 1958, kuukubali uchaguzi huo pamoja na ubaya wake. Katika Jimbo la Mashariki, Julius Nyerere mwenyewe alisimama kushindana na Patrick Kunambi, akashinda. Katika uchaguzi wa Agosti 1960, TANU ilipata viti 70 kati ya 71, na vingi kati yake vilipatikana bila kupingwa.

Tazama sasa upande wa pili wa maji. Katika uchaguzi wa Zanzibar wa Juni 1961, Afro-Shirazi ilipata viti 10, Hizbu 10, na ZPPP vitatu. Katika ule wa Julai 1963, Afro-Shirazi ilipata zaidi ya nusu ya kura zote, karibu asilimia 54, lakini ikapata viti 13 tu, na wapinzani wake wawili walioungana wakapata 18. Huko kila kijiji kilipimwa kwa kura chache, na chuki ziliingia hadi misikitini na visimani. Laiti Mafia ingalibaki katika nchi za Sultani, nayo ingalipiga kura katika mashindano hayo. Hapana anayeweza kusema ingalimpa nani ushindi, wala si kazi ya mwanahistoria kubuni. Lakini twaweza kusema kwa hakika kwamba watu wa Mafia waliingia katika uhuru kwa mlango mwingine kabisa.

Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964 uliwarudisha ndugu hawa katika dola moja, lakini haukuwarudisha katika daftari moja la wapiga kura. Katika uchaguzi wa 1965, Tanzania Bara iliwaona wagombea wawili wa TANU wakishindana katika majimbo karibu yote, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba. Ingawa chama kilikuwa kimoja, mashindano hayakuwa mchezo. Waziri Paul Bomani alikiona kiti chake kikimponyoka huko Mwanza, na Bibi Titi Mohamed, ambaye sauti yake iliikusanya nchi wakati wa kudai uhuru, alishindwa Rufiji, ng'ambo tu ya mlango wa bahari wa Mafia. Unguja na Pemba nazo zilipiga kura ya Rais, lakini wabunge wao hawakuchaguliwa. Waliteuliwa, na hali hiyo iliendelea kwa miaka mingi. Kwa hiyo katika miaka hiyo aliyepungukiwa ni Mpemba, si mtu wa Mafia.

Mambo yalibadilika baadaye. Zanzibar ilipata katiba yake ya mwaka 1979 na Baraza la Wawakilishi, kisha ikaanza kumchagua Rais wake kwa kura za wananchi. Mfumo wa vyama vingi uliporejeshwa Julai 1992, tofauti ya karatasi ikawa tofauti ya siasa yenyewe. Mwaka 1995 Zanzibar ilipiga kura zake za ndani tarehe 22 Oktoba, ambapo Salmin Amour alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8 za Seif Sharif Hamad. Wiki moja baadaye, tarehe 29, nchi nzima ilimchagua Rais wa Muungano, na Benjamin Mkapa akapata karibu asilimia 62.

Lakini mwaka ulioonyesha waziwazi kuliko mingine ni 2005. Uchaguzi ulikuwa ufanyike tarehe 30 Oktoba pande zote mbili. Siku chache kabla, mgombea mwenza wa CHADEMA, Jumbe Rajabu Jumbe, alifariki dunia, na uchaguzi wa Muungano ukaahirishwa hadi tarehe 14 Desemba. Zanzibar ilipiga kura zake za ndani kama ilivyopangwa. Siku hiyo ya Oktoba, Mkoani na Chake Chake watu walisimama foleni tangu alfajiri. Kilindoni na Utende wavuvi walikwenda baharini kama kawaida. Desemba wote walipiga kura, na Jakaya Kikwete, mtu wa mkoa wa Pwani kama walivyo watu wa Mafia, akashinda kwa asilimia zaidi ya 80.

Mwaka 2015 ulitoa fundisho jingine. Vituo vya Zanzibar vilipokea karatasi za aina zote siku moja, tarehe 25 Oktoba. Siku tatu baadaye mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, Jecha Salim Jecha, alitangaza kuufuta uchaguzi wa Zanzibar. Kura za Muungano, zilizopigwa na watu wale wale katika vituo vile vile, zilihesabiwa kuwa halali. John Magufuli alitangazwa Rais kwa asilimia 58.46 dhidi ya 39.97 za Edward Lowassa, na wabunge wa CUF waliochaguliwa Pemba wakaenda Dodoma, ilhali wawakilishi waliochaguliwa pamoja nao hawakuwa na kiti. Uchaguzi wa Zanzibar ulirudiwa tarehe 20 Machi 2016, na CUF ikaususia. Mafia haikuguswa na msukosuko huo. Ilikuwa imemchagua Mbaraka Kitwana Dau wa CCM, aliyemfuata Abdulkarim Shah wa chama hicho hicho. Na mwaka 2020 ikamchagua Omari Kipanga, naye wa CCM, aliyefanywa Naibu Waziri wa Elimu.

Je, mtu wa Mafia amepunjwa kwa kupewa karatasi chache? Hapa yafaa tuangalie kazi ya kila karatasi badala ya kuzihesabu tu. Tanzania Bara haina serikali yake. Bunge la Muungano ndilo linalotunga sheria za shule, hospitali, ardhi na uvuvi wa Bara. Basi karatasi moja ya Mbunge wa Mafia hufanya kazi ambayo Pemba hufanywa na karatasi mbili. Lakini upo upungufu usioonekana upesi. Mbunge wa Pemba akiwa Dodoma hupiga kura juu ya Hifadhi ya Bahari ya Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, ambayo yagusa riziki ya wavuvi wa Chole na Jibondo. Lakini Mbunge wa Mafia hana neno juu ya uvuvi wa Pemba, kwani hayo huamuliwa na Baraza la Wawakilishi. Waingereza wanalijua tatizo hili, maana wabunge wa Uskoti huko London nao hupiga kura juu ya mambo ya Uingereza pekee.

Liko pia jambo la uzito wa kura. Kwa sensa ya 2022 Mafia ina watu 66,180. Bara, yenye majimbo 222 tangu 2025, ina wastani wa watu kama 269,600 kwa jimbo. Zanzibar, yenye majimbo 50, ina wastani wa watu kama 37,800. Yaani Mafia, ambayo kwa sheria ni Bara, kwa ukubwa wa jimbo lake yafanana zaidi na Zanzibar. Kura ya mtu wa Kilindoni ina uzito mara nne ya kura ya wastani ya Bara. Katiba yenyewe, katika Ibara ya 75, yaruhusu Tume kuangalia njia za mawasiliano na hali ya kijiografia, na anayevuka kwa chombo kutoka Nyamisati ataelewa sababu. Marekani nako, Wyoming yenye watu wasiofika laki sita ina maseneta wawili, sawasawa na California yenye watu milioni 39. Kila muungano huwapa wadogo kitu ili wasimezwe.

Lakini uzito wa kura si kitu ikiwa hakuna wa kushindana naye. Katika uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025, Samia Suluhu Hassan, mzaliwa wa Zanzibar, alitangazwa mshindi kwa karibu asilimia 98. CHADEMA haikushiriki, kiongozi wake Tundu Lissu alikuwa gerezani kwa kesi ya uhaini, na damu ilimwagika katika miji ya Bara. Namba za namna hiyo humweleza mwanahistoria habari za mashindano kuliko habari za mapenzi ya watu, na ni wajibu wake kuziandika pamoja na mazingira yake.

Mwaka 2013 Tume ya Jaji Warioba ilipendekeza serikali tatu. Pendekezo hilo lingalipita, mtu wa Mafia angalipata karatasi zaidi, za kuichagua Serikali ya Tanganyika. Bunge Maalumu la mwaka 2014 lilirudi kwenye serikali mbili, na kura ya maoni iliyokuwa ifanyike Aprili 2015 ikaahirishwa. Katika mjadala ule mrefu watu walisema mengi juu ya Zanzibar na juu ya Tanganyika, kana kwamba asili imeweka bahari kuwa ukuta baina ya hizo mbili. Mafia yatuonyesha sivyo. Ali Hassan Mwinyi alizaliwa Mkuranga, bara mkabala na Mafia, akakulia Unguja, akawa Rais wa Zanzibar na kisha wa Muungano. Naye alihesabiwa Mzanzibari. Mzaliwa wa Juani, aliyezungukwa na maji pande zote, huhesabiwa mtu wa Bara.

Kwa hiyo anayesoma matokeo ya uchaguzi wa Muungano, awe mwanafunzi au mwalimu, asianze na jumla iliyotangazwa Dodoma au Dar es Salaam. Aanze na karatasi aliyopewa mpiga kura, aulize ni nani aliyeamua apewe hiyo wala si nyingine, na lini. Kwa Mafia jibu ni mwaka 1890, na watu wa Mafia hawakuulizwa.