Anderson, Patrick

Patrick Anderson (amezaliwa Edmonton, Alberta, tarehe 22 Agosti 1979) ni mchezaji wa mpira wa kikapu wa viti vya magurudumu kutoka Kanada, ambaye akiwa na timu ya taifa ya nchi hiyo alitwaa medali tatu za dhahabu na moja ya fedha katika Paralimpiki, yaani michezo ya kimataifa ya wanamichezo wenye ulemavu inayofanyika kila baada ya miaka minne. Wengi wanaoufuatilia mchezo huo humhesabu kuwa mchezaji bora kupata kutokea.

Anderson alikulia Fergus, mji mdogo wa jimbo la Ontario, na mwaka 1989, alipokuwa na umri wa miaka tisa, aligongwa na gari lililoendeshwa na dereva mlevi, akapoteza miguu yote miwili chini ya magoti. Mwaka 1997 alikuwa katika kikosi cha vijana wa Kanada kilichotwaa ubingwa wa dunia. Baadaye alisoma Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, akiichezea timu ya chuo hicho, na nchini Ujerumani aliichezea klabu ya RSV Lahn-Dill.

Thamani ya Anderson haieleweki vyema bila kujua utaratibu wa uainishaji, ambao humpa kila mchezaji pointi kuanzia 1.0 hadi 4.5 kulingana na uwezo wa mwili wake, hasa kiwiliwili, na kuzuia jumla ya pointi za wachezaji watano walio uwanjani isizidi 14. Anderson, ambaye kiwiliwili chake hakikudhurika, yumo katika daraja la juu kabisa la 4.5, kwa hiyo kila anapoingia uwanjani huchukua karibu theluthi ya pointi zinazoruhusiwa, na kocha hulazimika kumzungushia wenzake wa madaraja ya chini, naye Anderson hana budi kulipia nafasi hiyo kwa kazi yake. Kikapu huwa katika kimo kilekile cha mita 3.05 kinachotumiwa na wanaocheza kwa miguu, na mchezaji akishasukuma magurudumu mara mbili lazima adunde mpira, autoe pasi au aurushe kikapuni. Katika mazingira hayo Anderson alijulikana kwa mikono mirefu, kwa wepesi wa kukigeuza kiti, na kwa ustadi wa kukiinamisha kisimame juu ya gurudumu moja ili apate kimo cha kurusha mpira au kuudaka unaporudi kutoka kikapuni.

Akiwa na Kanada alishinda dhahabu ya Paralimpiki Sydney mwaka 2000 na Athens mwaka 2004, akatwaa ubingwa wa dunia Amsterdam mwaka 2006, kisha akapata medali ya fedha Beijing mwaka 2008, baada ya Kanada kufungwa na Australia katika fainali. Baada ya hapo alijiweka kando na timu ya taifa kwa muda, akajishughulisha na muziki, lakini alirejea kwa ajili ya Paralimpiki ya London ya mwaka 2012, ambako Kanada na Australia zilikutana tena katika fainali. Kanada ilishinda kwa 64 dhidi ya 58, na katika mchezo huo Anderson peke yake alifunga 34, yaani zaidi ya nusu ya alama zote za timu yake, akadaka mipira 10 iliyorudi kutoka kikapuni na kutoa pasi 8 zilizozaa vikapu.

Anderson alistaafu baada ya ushindi huo, hakushiriki michezo ya Rio de Janeiro ya mwaka 2016, kisha akarudi tena na kuiwakilisha Kanada katika Paralimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021. Mwaka 2024 alishiriki Paralimpiki yake ya sita jijini Paris akiwa na umri wa miaka 45, na Kanada ikamaliza katika nafasi ya nne.