Vumba Kuu: Dola ya madiwani iliyokatwa na mpaka

VUMBA KUU ni mji wa kale ambao magofu yake yamo karibu na Vanga, katika Kaunti ya Kwale. Hapo ndipo palipokuwa makao ya madiwani, watawala ambao nchi yao leo imegawanyika baina ya Kenya na Tanzania.

Utafiti wa wanaakiolojia umebainisha kuwa mji huo ulistawi katika karne za 14 na 15. Anayeufikia akitarajia majumba kama ya Gede au Kilwa huenda akavunjika moyo, kwani wakazi wengi waliishi katika nyumba za udongo. Fahari ya Vumba haikuwa katika majengo bali katika cheo. Ili kutawazwa, diwani hakutegemea nasaba pekee; alipaswa kuandaa karamu kubwa, ng'ombe wachinjwe na watu washibe, ndipo siwa na ngoma zilie kwa heshima yake. Masimulizi yanaeleza kuwa hata kuvaa viatu na kujifunika mwavuli zilikuwa alama za ukubwa, si mambo ya kila mtu. Karamu hizo pia zilidumisha ujirani na Wadigo na Wasegeju, ambao bila maelewano nao mji mdogo wa pwani usingalidumu.

Hatimaye Vumba Kuu ulihamwa, na wenyewe wakaendelea kuishi Wasini, Vanga na upande wa kusini hadi Moa. Cheo cha diwani kiliendelea hadi karne ya 19, chini ya kivuli cha masultani wa Zanzibar.

Kilichoikata nchi hiyo ni kalamu. Mwaka wa 1886, Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kuwa mpaka wao uanzie mdomo wa mto Umba, pale pale Vanga, kisha uelekee Ziwa Jipe. Mto huo ulikuwa katikati ya Wavumba, si mwisho wao. Mkataba wa 1893 ulisogeza mwanzo wa mpaka kusini kidogo, hadi Ras Jimbo. Hivyo Vanga ikabaki kwa Waingereza, nayo Jasini, iliyo mwendo mfupi tu kutoka hapo, ikawa ya Wajerumani. Januari 1915 majeshi ya mataifa hayo yalipigana Jasini, na Wajerumani wakashinda.

Mwaka wa 1900, ofisa wa Kiingereza A. C. Hollis alichapisha historia ya Vumba, na hadi leo watafiti huirejelea. Lahaja ya Kivumba ingali inazungumzwa.

Baharini nako, Kenya na Tanzania zilikamilisha makubaliano ya mpaka mwaka wa 1976. Mvuvi wa Vanga anayewafuata samaki kusini ya mstari huo huhesabiwa mgeni, katika maji ambayo babu zake waliyavua bila kuuliza ruhusa ya serikali yoyote.