Zahanati Bila Nyumba ya Muuguzi: Historia ya Hesabu Pungufu

Katika hesabu za maendeleo yetu, zahanati huhesabiwa kwa kuta, paa na kitanda cha kujifungulia. Nyumba ya muuguzi huandikwa mwishoni, itajengwa fedha zikipatikana. Historia ya Tanzania inaonesha kwamba hesabu hiyo ni pungufu, na wanaolipia upungufu wake ni kina mama wanaoshikwa na uchungu usiku.

Katika miaka ya 1920, utawala wa Kiingereza Tanganyika ulianza kuwafundisha madresa, yaani wahudumu wa kufunga vidonda na kutoa dawa za kawaida, ili wahudumu katika zahanati za serikali za wenyeji. Elimu yao ilikuwa ndogo, lakini aliyetoka katika eneo alilolihudumia alikuwa tayari na nyumba, shamba na ndugu. Kwa upande wa misheni, kama Peramiho na Ndanda, hospitali ilikua ndani ya makazi. Masista wa Kibenedikto waliouguza wagonjwa waliishi hapo hapo. Katika mifumo yote miwili, swali la muuguzi kulala wapi lilikuwa limejibiwa kabla ya kuulizwa.

Swali hilo lilikuja na Uhuru. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, na hasa katika miaka ya 1970, serikali ilielekeza nguvu kwenye zahanati na vituo vya afya vya vijijini, kabla mkutano wa Alma-Ata wa 1978 haujaifanya afya ya msingi kuwa ajenda ya dunia. Huo ulikuwa uamuzi wa haki. Lakini muuguzi sasa alikuwa mtumishi wa taifa zima: aliyezaliwa Mtwara aliweza kupangiwa Kigoma. Jambo lililotujengea utaifa lilimfanya pia awe mgeni kijijini, asiye na shamba wala ndugu, mahali ambapo hakuna desturi ya kujenga vyumba vya kupangisha.

Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, MMAM, ulioanza 2007, uliweka lengo la zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Wananchi walifyatua matofali, wakachangishana na kuinua maboma. Hata hivyo, lengo lililopimwa kwa idadi ya zahanati lilimshawishi kila kiongozi kukimbilia jengo litakalozinduliwa. Nyumba ya mtumishi haikatiwi utepe kwa shangwe.

Wapo wanaosema posho ya pango inatosha. Posho haina maana pale pasipo na nyumba ya kupanga. Muuguzi, ambaye mara nyingi ni mwanamke, hupata chumba kijiji cha jirani, kilomita kadhaa kutoka kazini. Jioni hufunga mlango na kuondoka kabla ya giza. Baada ya miezi michache huomba uhamisho wa kumfuata mwenza, nasi tunamlaumu kwa kukosa uzalendo.

Nyumba peke yake haimalizi tatizo. Mshahara, shule ya watoto na nafasi ya kujiendeleza vina uzito wake. Ndiyo maana mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani ya 2010 kuhusu watumishi wa vijijini yalivitaja pamoja na mazingira bora ya kuishi. Lakini nyumba ndiyo inayogeuza zahanati ya mchana kuwa zahanati ya saa 24. Mtoto hachagui saa ya kuzaliwa, wala damu inayovuja haisubiri asubuhi.

Kwa hiyo, ndugu zangu mlioko katika halmashauri, zahanati isiandikwe katika taarifa kuwa imekamilika hadi nyumba ya muuguzi iwe imepauliwa, ina maji, mwanga na mlango unaofungika. Nanyi wanaharakati, bajeti inaposomwa, msiulize tu zahanati ngapi zimejengwa. Ulizeni ni ngapi zina mtu wa kufungua mlango saa nane usiku.