Saa ya Bei Rahisi na Haya ya Mnunuzi

Mwaka 2024 shirika la habari la Bloomberg lilitangaza kwamba kampuni ya Apple, ambayo tangu 2015 imekuwa ikiuza saa janja za alumini, za feleji na kwa kitambo kidogo hata za dhahabu, ilikuwa ikijaribu kutengeneza saa ya plastiki itakayokuwa rahisi kuliko zote, iliyokusudiwa hasa watoto. Na papo hapo watu wakagawanyika rai mbili, wengine wakisema wanunuzi wataigombania, na wengine wakishikilia kwamba hapana mwenye kulipenda jina lile atakayekubali kulivaa likiwa limepigwa chapa juu ya plastiki. Wabishani wote wawili walisema kana kwamba shauri hilo halijapata kutokea duniani, ilhali umri wake wapita miaka mia na hamsini, na kila lilipozuka jawabu lilitoka sokoni, aghalabu kinyume cha walivyotazamia mafundi.

Katika mji wa La Chaux-de-Fonds, katika milima ya Jura nchini Uswisi, aliishi fundi saa aitwaye Georges Frédéric Roskopf, mzaliwa wa Ujerumani aliyehamia huko 1829 angali kijana wa miaka kumi na sita, ambaye baada ya kuitumikia kazi hiyo kwa sehemu kubwa ya umri wake aliingiwa na fikra ya kutengeneza saa ya mfukoni iliyo imara na isemayo kweli, ambayo kibarua ataweza kuinunua kwa ujira wa juma moja. Bei aliyoiazimia ni faranga 20. Ili aifikie aliliondoa gurudumu la katikati, akaipanua nyumba ya kamani, akatia vijiti vya chuma pale ambapo desturi ilikuwa kutia vito, akapunguza viungo hata vikabaki 57, kiasi ambacho saa za zama zile zilikizidi kwa mbali. Na kasha akalifanya la madini ya kawaida, bila ya nakshi. Mafundi wa mji, ambao fahari yao ilikuwa katika vito na nakshi, waliipa kisogo kazi yake, ikamlazimu kuzunguka huku na huku akitafuta watu wa kumtengenezea sehemu zake. Hata hivyo saa ile, ambayo jina lake la Kifaransa lilikuwa na maana ya saa ya mtu wa kazi, ilipata nishani ya shaba katika Maonyesho ya Paris ya 1867, na baada yake viwanda vikatoa saa za mtindo wa Roskopf kwa mamilioni.

Namwomba msomaji aliweke jambo moja akilini. Roskopf hakuichukua saa ya tajiri akaivua dhahabu yake, kisha akampelekea maskini kilichosalia. Aliketi akauliza saa ni kitu gani, akaijenga upya toka msingi, na aliyeinunua hakuwa na haja ya kumwomba radhi mtu yeyote kwa kuivaa.

Wamarekani waliifuata njia hiyo kwa kishindo chao. Mwaka 1896 Robert Ingersoll, aliyekuwa akinunua saa zake kutoka kiwanda cha Waterbury katika jimbo la Connecticut, alitoa saa ya mfukoni iitwayo Yankee kwa bei ya dola moja kamili, na tangazo lake likajigamba kwamba saa hiyo ndiyo iliyoipatia dola umashuhuri. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza biashara yake ilifilisika, kiwanda kile kile kikainunua. Na kutoka kiwanda hicho, baada ya kupita katika mikono ya wakimbizi wawili wa Kinorwe wakati wa vita vya pili, ikatokea 1950 saa ya Timex. Masonara wa Marekani hawakuitaka, kwa kuwa faida waliyoachiwa ilikuwa haba, na pia kwa kuwa, naamini, saa isiyofunguliwa ikiharibika humnyima sonara riziki ya kuitengeneza. Basi Timex ikaenda kwenye maduka ya dawa na ya tumbaku, na mteja aliyekuwa akiona haya kuingia kwa sonara, asije akaulizwa ataka dhahabu ya kiwango gani, akaitwaa kando ya sabuni na sigara. Katika televisheni mtangazaji John Cameron Swayze aliifunga kwenye rafadha ya mashua, akaizungusha majini, akaitoa ingali ikienda. Mwanzoni mwa miaka ya sitini, katika kila saa tatu zilizouzwa Marekani, moja ilikuwa Timex.

Kisha ulikuja umeme, na hapo habari inageuka kidogo. Siku ya Krismasi ya 1969 kampuni ya Seiko iliweka sokoni mjini Tokyo saa ya kwanza ya mkono yenye fuwele ya kwatzi, kwa yen 450,000, ambazo zilitosha kununua gari dogo. Na 1972 kampuni ya Hamilton ikatoa Pulsar, saa ya dhahabu isiyokuwa na akrabu, ambayo mwenyewe alibonyeza kitufe nambari nyekundu zikawaka, kwa dola 2,100. Miaka minne tu ikapita, Texas Instruments ikaleta saa yenye nambari nyekundu kama zile, kasha lake la plastiki, kwa dola 20, na mwaka uliofuata ikashusha mpaka 10. Je, wanunuzi waliipenda? Waliipenda sana. Aliyeumia ni muuzaji, kwani bei ilianguka kwa kasi hata faida ikatoweka: Intel, iliyokuwa imeinunua kampuni ya saa ya Microma mwaka 1972, iliiuza kabla muongo haujaisha, na Texas Instruments yenyewe haikukawia kuiacha biashara ya saa. Wanaouliza leo kama saa ya plastiki itapendwa husahau kuuliza ni nani atakayelipia mapenzi hayo.

Lakini kisa chenye mafundisho mengi zaidi ni cha Waswisi wenyewe, ambao waliijaribu plastiki mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa 1971, kampuni ya Tissot ilipotoa saa ya kutiwa ufunguo ambayo mtambo wake, magurudumu yakiwamo, ulikuwa wa plastiki, wenye viungo 52, wala haukuhitaji kutiwa mafuta. Kwa mtu wa uhandisi ilikuwa tunu. Wanunuzi waliitazama wakapita. Sura yake ilikuwa ya saa ya kawaida ya Kiswisi, na yaliyofichwa ndani yake ni mambo ambayo kwa dhana ya mnunuzi yalikuwa duni kuliko aliyoyazoea. Kwa hiyo sababu ya kuinunua haikuonekana, na sababu ya kuitilia shaka ikaonekana wazi.

Mara ya pili nchi ilikuwa imekwisha kufika ukingoni. Kazi ya saa, iliyowaajiri watu takriban 90,000 mwaka 1970, ilikuwa ikimomonyoka kwa mashindano ya Wajapani hata katikati ya miaka ya themanini ikabakiwa na kama theluthi tu ya watu hao. Katika kiwanda cha ETA kule Grenchen, mkuu wake Ernst Thomke aliletewa karatasi ya maombi ambayo mhandisi kijana, Elmar Mock, aliyesomea saa kisha akasomea plastiki, alitaka anunuliwe mashine ya gharama kubwa ya kumimina plastiki katika kalibu. Aliitwa ajieleze. Yeye na mwenzake Jacques Müller, wakijua kwamba hoja tupu haitawaokoa, walichora kwa haraka saa ambayo mgongo wa kasha ndio ubao wa mtambo wenyewe, hila iliyokwisha kutumika katika saa nyembamba za dhahabu za kiwanda hicho; na mchoro ule, uliozaliwa kwa hofu ya kukaripiwa, ndio uliokuwa asili ya Swatch. Viungo vilikuwa 51. Kasha liliunganishwa kwa mitetemo ya sauti isiyosikika na sikio, likawa halifunguki tena ila kitundu cha betri, hata fundi saa hakuachiwa kazi yoyote juu yake.

Mwishoni mwa 1982 waliipeleka Texas kuipima, nako haikuchukuliwa na watu, na hapa ndipo pa kutua. Saa iliyokataliwa Texas na saa iliyozinduliwa Zürich tarehe 1 Machi 1983, kwa bei isiyofika faranga 50, kwa mtambo ilikuwa moja. Kilichobadilika ni namna ya kuinadi. Wakisaidiwa na mshauri wao Franz Sprecher, waliacha kuwaambia watu kwamba ni saa nzuri ya Kiswisi iliyopunguzwa bei, wakaifanya pambo: yenye rangi za kukodolewa macho, yenye matoleo mapya mara mbili kwa mwaka mfano wa nguo za washonaji wa Paris, kila moja na jina lake, mtu awe nazo tatu au nne, abadilishe kwa kadiri ya vazi lake. Mwaka 1984 waliitundika Swatch yenye ukubwa wa kutisha juu ya jengo la benki ya Commerzbank mjini Frankfurt, jambo ambalo hakuna sonara mwenye adabu zake angelifanya. Plastiki ilikuwa haijifichi tena. Kufikia 1992 zilikuwa zimeuzwa saa milioni 100, na kwa fedha zilizopatikana humo Nicolas Hayek, aliyeunganisha makampuni ya saa yaliyokuwa yakizama, aliyainua hata yale ya dhahabu.

Kampuni ya Swatch haikusahau ilichojifunza. Machi 2022 ilitoa saa kumi na moja zenye umbo la Speedmaster, ile saa ya Omega iliyofika mwezini, zikiwa zimefanywa kwa mchanganyiko ambao theluthi mbili zake ni kauri na theluthi moja ni plastiki itokanayo na mafuta ya mbarika, kwa dola 260. Na kutoka London hadi Singapore watu walipanga mistari barabarani, wakiwamo wenye uwezo wa kununua Speedmaster ya feleji.

Mkabala wa hayo iko simu ya iPhone 5c ya 2013, ambayo ni ndugu wa damu wa saa tunayoijadili. Ilikuwa ya plastiki, ya rangi tano za kupendeza, na Apple yenyewe iliikiri plastiki yake bila ya kuona haya. Ila kwa asiyefunga mkataba na kampuni ya simu bei yake ilikuwa dola 549, na 5s ya alumini, iliyotoka siku ile ile ikiwa na mambo mapya yote, ilikuwa dola 649. Mnunuzi alipiga hesabu: kwa dola 100 tu atajiondolea kuulizwa na kila rafiki kwa nini hakununua ile nyingine. Mauzo yake yakawa chini ya matarajio, wala kampuni haikutoa ya pili yake.

Katika saa janja zenyewe mambo yalianzia kwenye plastiki. Kijana wa Kanada, Eric Migicovsky, alipoomba watu mtandaoni dola 100,000 mwaka 2012 ili atengeneze saa ya Pebble, alipewa zaidi ya milioni 10 na watu takriban 69,000, na saa waliyoletewa ilikuwa ya plastiki tupu. Hapana aliyelalamika, kwa kuwa haikuwako ya dhahabu ya kuilinganisha nayo. Apple ilipokuja 2015 ilileta alumini kwa dola 349, na dhahabu kwa dola 10,000 kwenda juu. Ya dhahabu ilikoma kabla ya miaka miwili. Sishangai, kwani saa ya dhahabu ya babu hurithiwa, ilhali saa janja huzeeka kama simu, na dhahabu yake hubaki ikiuzunguka ubongo uliokwisha kupitwa na wakati. Kwa mantiki hiyo hiyo plastiki ingestahili kuwa malighafi ya haki ya saa janja, kitu cha miaka michache kivalishwe vazi la miaka michache, na Wachina wa Xiaomi waliliona hilo mapema walipouza ukanda wao wa mkononi kwa yuan 79 mwaka 2014. Katika maduka ya Kariakoo na Nairobi saa za Oraimo na nyingine za plastiki zinauzwa bila ya mtu kukunja uso. Ingawa hapo hapo pana za kuiga, zilizofinyangwa kwa umbo la saa kubwa ya Apple, hata ukanda wa rangi ya chungwa, na wanunuzi wake si haba.

Rai yangu, basi, ni kwamba saa ya plastiki ya Apple ingalipendwa kwa masharti mawili, iwe na sura yake yenyewe, na bei yake iachane mbali na ya alumini. Sharti la pili ndilo gumu, maana gharama ya saa janja imo zaidi katika kioo, chipu, betri na vihisio, na anayebadili kasha peke yake huokoa kidogo. Mwanzoni mwa 2025 Bloomberg hao hao walisema kwamba wasanifu wa kampuni hawakuipenda sura ya plastiki ile, na wasimamizi wa uzalishaji hawakuona kwamba inapunguza gharama kwa kiasi cha maana. Septemba ya mwaka huo toleo la tatu la saa yao ya bei ya chini, SE, likatoka likiwa la alumini, kwa dola 249, bei ile ile ya 2022. Kama wangaliiuza ya plastiki kwa 199 kando yake, nadhani wangalirudia kisa cha 5c; kwa 99 mzazi angalimnunulia mwanawe bila ya kusita, kwani mtoto huipoteza saa kabla hajafika umri wa kuionea haya.