Uchafu Uliokaukia

Uchafu uliokaukia ni tope, chakula, moshi au majimaji ya mwili yaliyoshika juu ya kitu yakageuka ganda gumu. Kiswahili hakikupata jina moja la kuyabeba yote. Kina majina mengi, na kila jina linataka kujua kwanza uchafu umeshika wapi. Ndani ya sufuria ni ukoko, ambao watu wa pwani wengi huuita utandu. Nje ya sufuria hiyohiyo ni masizi. Kwenye meno ni ukoga, mwilini ni nongo, pembeni mwa jicho ni tongotongo, juu ya kidonda ni kigaga. Majina haya hayaazimani: hakuna anayeamka na ukoko machoni.

Tope halina jina lake la ukavu, nalo ni sugu. Nyololo, wilayani Mufindi, ambako njia ya Igowole inaachana na barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Zambia, udongo ni mwekundu kwa sababu ya oksidi za chuma. Mvua zikishaanza, kuanzia Novemba hivi, pikipiki inayotoka mashambani huja na tope limejaa chini ya madigadi. Likioshwa papo hapo, ndoo moja inatosha. Likilala, asubuhi linataka kijiti. Chembe za udongo wa mfinyanzi ni bapa na ndogo mno. Maji yakitoka husogeleana na kulaliana, kwa hiyo ganda hupasuka vipandevipande na bado halibanduki.

Sarufi nayo ina kazi hapa. Tope limekauka ni habari ya tope. Tope limekaukia kiatu ni habari ya kiatu. Kiambishi -i- kilichoigeuza kauka kuwa kaukia kimo pia katika kugandia na kunatia, na kwa maoni yangu kinatosha kabisa: anayehangaika kutafuta kivumishi cha hali hii anajichosha bure.

Ukoko una hadhi ya pekee. Ni wanga uliokaushwa na joto, na ugali ukishapakuliwa watoto huugombania. Ukibaki hadi kesho ndipo unapohesabiwa uchafu. Masizi hayana mtetezi. Wapishi wa kuni wengi huyawahi kwa kupaka sufuria tope la majivu kwa nje kabla ya kuibandika, na wakati wa kuosha masizi hutoka pamoja na majivu. Huko Unguja, kwenye miamba ya matumbawe, maji ya kisima huacha ndani ya birika utando mweupe wa chokaa, ambao hutolewa kwa ndimu au siki.

Kuondoa nako kuna vitenzi vyake. Tope hukwanguliwa, ukoko hukombwa au hurowekwa, nongo husuguliwa. Kigaga huachwa kibanduke chenyewe. Kikibanduliwa mapema, kidonda hutoka damu upya.