Uzunguni, Uhindini, Uswahilini: Historia Iliyoandikwa Ardhini

Maneno haya matatu yamesikika katika miji mingi ya Tanzania na Kenya. Mgeni akiuliza njia aliambiwa, "Ukitoka Uhindini, vuka uwanja, utakuta Uswahilini." Mwanafunzi wa leo huenda akayachukua kuwa majina ya mahali kama majina mengine, lakini kila moja ni historia fupi. Yanatueleza kwamba palikuwa na wakati ambapo kupanga mji kulikuwa ni kuwagawa wakazi wake, na kwamba mgawanyo ule uliandikwa ardhini kwa barabara, viwanja na mifereji, ukadumu hata baada ya waandishi wake kuondoka. Insha hii yaeleza jinsi ramani ya Dar es Salaam ilivyochorwa, nani alihesabiwa ndani yake, nani aliachwa nje, na walioachwa nje walifanya nini.

Kwanza hapana budi kuondoa fikra moja potofu, nayo ni kwamba mji ni jambo lililoletwa pwani yetu na mkoloni. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 alikuta mji alioona kuwa mzuri na uliojengwa vyema. Lamu, Pate, Mombasa na Zanzibar zilikuwa na mitaa yenye majina, misikiti, visima, vichochoro vyenye kivuli, na baraza ambapo wazee walikaa jioni kupokea habari na kuamua magomvi. Hatusemi kwamba miji ile ilikuwa ya usawa. Waungwana walikaa katika majumba ya mawe, na watumwa na maskini katika vibanda vya udongo na makuti. Tunachosema ni kwamba watu wa pwani hii walijua kukaa mjini: walijua kushirikiana kisima, ukuta na njia, muda mrefu kabla ya mpima ardhi wa kwanza kutoka Ulaya kusimika kigingi chake.

Dar es Salaam yenyewe ilianza karibu na kijiji cha Mzizima. Katika miaka ya 1860 Sayyid Majid wa Zanzibar aliamua kujenga hapo bandari na makao mapya, lakini alifariki mwaka 1870 na kazi ikasimama. Mwaka 1891 Wajerumani waliufanya mji huo kuwa makao makuu ya koloni lao badala ya Bagamoyo, na mwaka huohuo wakatoa kanuni za ujenzi. Upande wa ufukoni, penye upepo wa bahari, ziliruhusiwa nyumba za mtindo wa Ulaya tu. Nyumba za miti, udongo na makuti zilisukumwa nyuma. Reli ya Kati ilipoanza kujengwa mwaka 1905, hata ikafika Kigoma mwaka 1914, mji ulipata kazi nyingi na watu wengi, na suala la nani akae wapi likazidi uzito.

Waingereza waliuteka mji mwaka 1916. Kambi ya wapagazi wa jeshi lao, walioitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, ilikuwa mahali ambapo leo panaitwa Kariakoo. Wapagazi wengi hawakurudi kutoka vita ile, na jina la mtaa limebaki kuwa kumbukumbu yao. Katika miaka ya 1920 watawala wapya waliugawa mji katika kanda tatu. Kanda ya kwanza ilikuwa ya nyumba za kuishi za mtindo wa Ulaya. Ya pili ya maduka na makazi ya wafanyabiashara, ambao wengi wao walikuwa Wahindi. Ya tatu ya nyumba zilizoitwa za kienyeji.

Hapa msomaji atazame kwa makini, kwa maana ndipo ulipo ujanja wa mpango ule. Kanuni zenyewe hazikutaja rangi ya mtu. Zilitaja aina ya nyumba. Hazikumwuliza mwananchi, "Wewe ni nani?" Zilimwuliza, "Nyumba yako ni ya nini?" Aliyekuwa na mshahara wa kujengea saruji na vigae alikaa panapojengwa saruji na vigae, na kwa kuwa mishahara yenyewe ilipangwa kwa rangi, ramani nayo ilifuata rangi bila kuitaja. Zaidi ya hayo, mkazi wa kanda ya tatu alikaa kwa kibali cha muda mfupi, wala hakupewa hati ya miaka mingi. Mtu asiye na hakika ya mwaka ujao hajengi kwa mawe. Kwa hiyo alijenga kwa miti na udongo, kisha akaambiwa kwamba nyumba ya miti na udongo ndiyo sababu ya kumweka kanda ya tatu.

Kati ya Uhindini na Kariakoo iliachwa ardhi tupu, uwanja wa Mnazi Mmoja. Sababu iliyotolewa ilikuwa afya: uwanja ungezuia maradhi yasivuke. Lakini maradhi hayazuiwi na uwanja. Huzuiwa na maji safi, vyoo na mifereji, na huduma hizo zilitangulia kufika upande wa pili. Nyuma ya yote hayo palikuwa na imani kwamba Mwafrika ni mpita njia mjini, kwamba kwao ni shamba, na kwamba huja kufanya kazi kisha hurudi. Sheria ya mwaka 1944 iliwapa watawala uwezo wa kuwaondoa mjini watu walioitwa wasiotakiwa. Mpango wa mji uliojengwa juu ya imani hiyo haukuwa na haja ya kuwafikiria watoto wa mpita njia, wala shule yao, wala uzee wake.

Je, watu hao walifanya nini? Walijenga. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo, ambayo baadaye ilienea Ilala, Magomeni, Temeke na miji mingi ya bara, ni mojawapo ya kazi kubwa za utamaduni wetu, ingawa ni mara chache kuisikia ikisifiwa. Mbele ina baraza. Katikati pana ukumbi mrefu, na vyumba vimepangwa pande mbili, mara nyingi vitatu huku na vitatu huku. Nyuma pana uwani, penye jiko, choo na mahali pa kufulia. Mwenye nyumba hukaa chumba kimoja au viwili na kupangisha vilivyobaki, na kodi ile humsaidia kumalizia ukuta au kuezeka bati mahali pa makuti. Mgeni kutoka Uzaramo, Unyamwezi au Umanyema alipata chumba kwa bei aliyoiweza. Alipata pia majirani wa kumwonyesha kazi, kumwuguza na kumzika. Mjane aliyeachiwa nyumba alikuwa na riziki. Watu wa makabila na dini mbalimbali walipika uwani pamoja, na lugha waliyopatania ilikuwa Kiswahili. Hakuna ofisi iliyochora mpango huo, lakini ulikuwa mpango.

Tena mtaa uliodharauliwa ndio uliozaa siasa ya taifa. Chama cha Waafrika kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1929, na nyumba yake ilikuwa kando ya uwanja wa Mnazi Mmoja, upande wa Kariakoo, katika barabara ambayo leo inaitwa Lumumba. Ilikuwa ndipo TANU ilipoanza mwaka 1954. Ardhi iliyoachwa tupu ili kuwatenga watu imekuwa uwanja wa kuwakutanisha, na leo Mnazi Mmoja pana mnara wa kumbukumbu ya Uhuru.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, taifa lilirithi mji pamoja na ramani yake. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962. Mwaka 1963 umilikaji wa ardhi wa moja kwa moja ulifutwa, ardhi ikawa mali ya umma. Mwaka 1971 majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yalitaifishwa. Hayo yalibadili wenye mali. Ramani haikubadilika upesi hivyo. Majina ya kibaguzi yaliondolewa katika maandishi, na badala yake yakatumika maneno ya kitaalamu: maeneo ya msongamano mdogo, wa kati na mkubwa. Lakini viwanja vikubwa vilibaki palepale vilipokuwa, kando ya bahari, na vidogo vilibaki palepale vilipokuwa.

Katika miaka ile ya kwanza viongozi wetu walikuwa na shauku ya kuifuta aibu ya vibanda. Nyumba za udongo zilibomolewa, na mahali pake zikajengwa za matofali ya saruji. Nia ilikuwa njema, ila hesabu haikukubali. Sehemu kubwa ya nyumba mpya ilichukua tu mahali pa zilizobomolewa, nao watu waliendelea kuja. Mwaka 1957 mji ulikuwa na watu wapatao 128,000. Mwaka 1967 walikuwa zaidi ya 272,000. Mpango mkuu wa mwaka 1968, uliofuata ule wa Waingereza wa 1949, ulichorwa na wataalamu kutoka Kanada, na mji ukaupita mbio. Tena Azimio la Arusha lilikuwa limekwisha kuonya kwamba miji isije ikamnyonya mkulima. Palikuwa na haki katika onyo hilo, lakini palikuwa pia na hatari ya kumwona tena mkazi maskini wa mjini kuwa mtu aliyepotea njia. Mwaka 1983, katika kampeni ya Nguvu Kazi, watu walioonekana kuwa hawana kazi walikamatwa mitaani ili wapelekwe vijijini. Yafaa tukubali kwamba fikra ya mpita njia haikuondoka na mkoloni.

Mageuzi makubwa yalianza mwaka 1972, serikali ilipoacha sera ya kubomoa na kuchukua sera ya kuboresha. Kuanzia mwaka 1974, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ulitekelezwa mradi wa viwanja na huduma. Sinza, Kijitonyama na Mikocheni vilipimwa viwanja vipya. Manzese, mtaa ulioota wenyewe kando ya Barabara ya Morogoro, haukuvunjwa: ulipelekewa barabara, maji, taa na mifereji, watu wakiwa ndani ya nyumba zao. Kwa mara ya kwanza ramani ilimfuata mkazi. Matunda ya mradi hayakuwa sawa. Vingi vya viwanja vipya viliangukia mikononi mwa watu wenye kipato kikubwa kuliko waliokusudiwa, ilhali huduma zilizopelekwa Manzese ziliwafikia waliokuwapo. Katika miaka ya 1990 wakazi wa Hanna Nassif, waliosumbuliwa na mafuriko kila masika, walishirikiana na wataalamu kupanga mifereji na njia za mtaa wao, wakaichimba wenyewe kwa ujira. Aliyechimba mfereji anajua kwa nini usijazwe taka.

Hata hivyo, tusije tukageuza sifa ya wananchi kuwa kisingizio cha kutopanga. Bonde la Msimbazi ni ushahidi. Mabonde ya mji yalikuwa yamekatazwa kujengwa, na sababu yake ilikuwa ya kweli: mto hauna kibali, huja unapotaka. Watu walijenga bondeni kwa kuwa ni karibu na kazi na karibu na soko, na kwa kuwa kiwanja kilichopimwa hakikuwa cha bei yao. Mvua za Desemba 2011 ziliua watu na kubomoa nyumba, na familia nyingi zilihamishiwa Mabwepande, mbali na riziki zao, baadhi zilirudi. Kumkataza mtu asijenge mahali pa hatari bila kumpa mahali pengine anapopaweza ni nusu ya mpango, na nusu ya daraja haimvushi mtu.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Zaidi ya nusu ya wakazi wa jiji wanaishi katika mitaa iliyojengwa kabla ya kupimwa, ile tunayozoea kuiita makazi holela. Neno hilo nalo tulipime. Holela ni pasipo utaratibu, na tumekwisha kuona kwamba utaratibu ulikuwapo. Uliokosekana ni mfereji, hati na njia ya gari la wagonjwa. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inataka wananchi washirikishwe katika mipango, na leseni za makazi zilizoanza kutolewa katika miaka ya 2000 zilimpa mkazi karatasi ambayo babu yake wa Kariakoo alinyimwa. Hizo ni hatua. Lakini kila kizazi hurudiwa na swali lilelile: je, mpima ardhi anapofika mtaani, anawakuta watu, au anawakuta wamezuia ramani yake?

Mwalimu anayesoma insha hii na afanye jambo moja rahisi. Awaambie wanafunzi wake wachore ramani ya mtaa wanaokaa: njia wanazopita, bomba au kisima, duka, mahali maji yanaposimama wakati wa masika, baraza ya wazee, uwanja wa mpira, njia ambayo kikongwe au mtu mwenye baiskeli ya magurudumu matatu hawezi kupita. Kisha wailinganishe na ramani rasmi, ikiwa ipo. Mambo yaliyomo katika moja na hayamo katika nyingine ndiyo kazi inayowangojea, kwa kuwa miongoni mwa wanafunzi hao watatoka wapima ardhi, madiwani na wajenzi wa miji ya kesho.