Jaa la Nyumba na Historia Yake

Wanahistoria hupenda kusoma barua za watawala na hati za mikataba. Lakini kiko kitabu kingine ambacho watu wa kale walikiandika pasipo kujua kuwa wanaandika, nacho ni jaa. Katika barua mtu aweza kujisifu apendavyo. Katika takataka zake hawezi.

Tuutazame mji wa Gedi, karibu na Watamu katika pwani ya Kenya. Mji huo wa mawe uliachwa ukiwa katika karne ya 17, ukamezwa na msitu. Mwaka 1948 James Kirkman alianza kuufukua, na baadhi ya nyumba akazipa majina kwa vitu vilivyopatikana ndani yake, kama vile Nyumba ya Mkasi na Nyumba ya Sanduku la Pembe. Vigae vya vyungu, vipande vya vyombo kutoka Uchina, shanga na mifupa vilipatikana pia. Je, wenyeji wa Gedi hawakutupa kitu kingine? La! Walitupa vingi zaidi, maana palikuwa na mikeka ya ukindu, vifumbu, pakacha na makuti ya kuezekea. Hivyo vyote ardhi ilivila. Kilichomkuta mchimbuzi ni kile tu ambacho ardhi ilishindwa kukitafuna.

Huku bara nako mambo yalikuwa hivyo hivyo. Kibuyu kilichopata ufa hakikutupwa, bali kilishonwa kwa uzi wa nyuzi za miti, kikaendelea kutumika. Maganda ya ndizi na ya viazi yalikuwa chakula cha mbuzi, na majivu ya jikoni yalimwagwa shambani. Kiondo kiliposhindwa kubeba nafaka kiliweza bado kubeba majani ya mifugo. Tusiwasifu mababu kupita kiasi, kana kwamba walikuwa na wema tusioweza kuufikia. Kibuyu kilishonwa kwa kuwa kupata kingine kulikuwa kazi ya msimu mzima, tangu kupanda mbegu hata kukausha. Uhaba nao ni mwalimu, tena mkali kuliko mimi.

Kisha ikaja bati. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, mafuta ya taa yaliletwa kutoka ng'ambo katika mikebe ya pembe nne, kila mmoja ukichukua galoni nne, yaani karibu lita 18. Watu wakauita debe, neno lenye asili ya Kihindi. Mafuta yalipokwisha, debe ndipo lilipoanza maisha yake. Lilitiwa mpini wa mti likawa ndoo ya maji. Lilipimia mahindi na maharagwe sokoni, na hata leo mahindi huuzwa kwa debe. Lilipotoboka likakatwa na kunyoshwa, likawa bati la kuezekea. Katika mtaa wa Pumwani, Nairobi, uliojengwa miaka ya 1920, nyumba nyingi ziliezekwa kwa madebe yaliyonyoshwa hivyo. Mkebe mdogo ukawa koroboi, na watoto wengi walijifunza kusoma kwa mwanga wake. Mkebe wa kilo mbili wa mafuta ya kupikia nao ukageuka kipimo kiitwacho gorogoro. Wala hapana serikali iliyowaamuru watu kufanya hayo. Fundi mwenye nyundo na mama mwenye haja walitosha.

Nawauliza wanafunzi wangu wa ualimu: mbona mfuko wa plastiki haukupata bahati ya debe? Wengine hujibu upesi kwamba watu wa siku hizi ni wavivu. Mimi sikubali. Mtungi wa manjano wa lita 20, uliokuja na mafuta ya kupikia, nao ni plastiki, lakini umeokotwa na kuheshimiwa kama debe lilivyoheshimiwa. Utauona katika kila foleni ya maji. Tofauti ni kwamba mtungi ni mzito na una kazi ya pili. Mfuko mwepesi ulitolewa dukani bure, ukachanika kabla ya kufika nyumbani, ukawa hauna fundi wa kuushona wala mbuzi wa kuula salama. Ardhi nayo ikaukataa. Ukaziba mifereji, ukaning'inia katika miiba ya uwandani.

Serikali ilijaribu kuikataza mifuko myembamba mwaka 2007, na tena mwaka 2011, pasipo mafanikio. Katazo lililoshika ni lile lililoanza tarehe 28 Agosti 2017, lenye faini iwezayo kufika shilingi milioni nne au kifungo kisichozidi miaka minne. Wapo walionung'unika, hasa wachuuzi wadogo, na manung'uniko yao hayakuwa ya bure, kwa maana mfuko wa badala ulikuwa na bei. Hata hivyo kiondo na kikapu vilirudi sokoni, na wazee wakacheka.

Lakini mfuko ulikuwa sehemu ndogo tu ya mzigo. Taka za Nairobi hupelekwa Dandora, katika machimbo ya mawe yaliyogeuzwa jaa miaka ya 1970. Mwaka 2001 ilitangazwa kuwa jaa hilo limejaa, na malori yakaendelea kuja. Kando yake yako makazi ya watu na shule, na moshi hauchagui mlango. Jambo la kushangaza ni hili: zaidi ya nusu ya taka za jiji ni mabaki ya chakula na maganda, yaani vitu vile vile ambavyo mbuzi na shamba vilivimaliza zamani. Vikiwa peke yake ni mbolea. Vikichanganywa na chupa, betri na nepi, huoza chini ya lundo pasipo hewa, vikatoa uvundo na gesi iwakayo moto, na mwokotaji wa chupa hulazimika kuzitafuta ndani ya uozo kwa mikono mitupu.

Sheria ya mwaka 2022 ya usimamizi wa taka yataka mabaki yaozayo yatengwe na yasiyooza. Kazi hiyo haifanyiki Dandora, bali hufanyika jikoni, katika dakika ile mtu anapomenya kiazi. Nyumba yenye vyombo viwili, kimoja cha maganda na kingine cha vikavu, humpunguzia mwokotaji jeraha. Ikiwa ina bustani, au jirani mwenye kuku, chombo cha kwanza hakifiki barabarani kabisa. Chombo hicho chaweza kuwa ndoo kuukuu ya rangi, au hata debe, kama liko lililosalia kwa nyanya.